Habari za Kutekwa kwa Ubao wa Safu ya Juu

Sogeeni, enyi mnaopenda kusikia makuu, mliochoshwa na habari za wafalme waliokufa juu ya farasi na miji iliyochomwa moto kwa ajili ya wanawake wazuri. Sogeeni mkae, na mwenye kutafuna ameze kwanza, kwa kuwa jambo linalosimuliwa hapa halijapata kusimuliwa na mtu mwenye akili timamu. Hizi ni habari za Verlin Toomey wa mji wa Bascom, katika jimbo la Indiana: Verlin mwana wa Harold, Verlin mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni, Verlin wa kofia isiyojua sabuni, ambaye aliuza mabomba ya maji dukani mpaka akastaafu, na tangu hapo hajaonekana akifanya jambo la kueleweka. Mtasikia alivyoondoka kwake kabla ya mapambazuko, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Alivyopambana na adui mwenye meno ya bandia. Alivyopanda ngazi za mbao huku moyo ukimgonga na goti likilia. Na alivyoteka, kwa mikono yake mwenyewe na utepe wa gundi, kipande cha ubao wa kukalia.

Ubao, ndiyo. Hamkusikia vibaya.

Yapasa kwanza kueleza imani ya watu hawa, maana bila imani hiyo Verlin angekuwa mzee mmoja tu aliyelala juu ya benchi. Watu wa Bascom wana dini ya Jumapili, ambayo huisinzia, na dini ya Jumamosi, ambayo huipigia kelele. Hekalu la dini ya Jumamosi ni uwanja wa Wilkie Fork, njia ya udongo wa mfinyanzi iliyozungushwa kama yai, na juu yake hukimbia magari madogo yasiyo na milango wala taa, magurudumu yakiwa nje uchi, na ndani ya kila gari kijana mmoja aliyefungwa mikanda kama mzigo. Kijana huyo hukata kona kwenda kushoto. Kisha hukata kushoto tena. Na pale ambapo mgeni anaanza kutazamia jambo jipya, hukata kushoto. Watu wazima wenye wajukuu husimama kwa hili na kufuta machozi.

Na watu wa Bascom wanawajua madereva wao kuliko wanavyowajua watoto wao. Muulize mtu wa Bascom binti yake anasomea nini chuoni, atakuna kichwa. Muulize ni bega lipi alilovunja Jace Winebrenner kwenye kona ya nne, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na atakuonyesha kwa bega lake mwenyewe, na atakunja uso kama aliyevunjika ni yeye. Huyo Winebrenner, Simba wa Kona ya Nne, Mkono wa Chuma, mtoto wa fundi wa matrekta, ndiye nuru ya macho yao. Wanasema hakununuliwa kiti cha dereva na baba tajiri kama wale watoto laini wanaotoka ng'ambo. Alikulia kwenye udongo huu, na udongo huu umo masikioni mwake mpaka leo. Wanasema anaweza kupitisha gari lake, kati ya ukuta na gari la mwenzake, mahali ambapo wewe huwezi kupitisha sahani. Hilo, kusema haki, ni kweli. Kila mwaka wanaapa kwamba mwakani ataitwa kwenye mbio kuu za mwezi Mei kule mji mkuu wa jimbo, ambako mshindi hunywa maziwa mbele ya umati na hakuna anayecheka. Kila mwaka haitwi, nao huona kuwa dunia nzima imekula njama.

Watu hawa huwadharau kidogo madereva wanaojua kukata kulia pia, kama mtu anavyomdharau anayechanganya lugha mbili. Lakini chuki yao ya kweli, ile wanayolala nayo na kuamka nayo, ni kwa mashabiki wa yale magari mengine, makubwa, yaliyofunikwa magurudumu kwa mabati, ambayo nayo huzunguka kwenda kushoto vilevile. Mgeni hataona tofauti. Na asiulize, kama anapenda kurudi kwao salama.

Sasa sheria ya mablanketi. Jukwaa la Wilkie Fork ni la mbao tupu, safu juu ya safu, na viti havina namba. Asubuhi ya siku ya mbio lango hufunguliwa, watu huingia mbio wakiwa na mablanketi makwapani, na kila mmoja hutandika lake juu ya ubao autakao na kulibandika kwa utepe wa gundi. Akishalibandika, ubao ni wake. Anaweza kurudi nyumbani, akakata majani uani, akalala, akagombana na jirani, akarejea jioni akakuta blanketi lake liko vilevile. Watu hawa hushitakiana mahakamani kwa ajili ya tawi la mti lililovuka ua, lakini blanketi la mtu hawaligusi. Ila sheria ina mkia, na mkia huo ndio utakaomchoma Verlin: mwenye blanketi akiliondoa yeye mwenyewe kabla ya bendera ya kijani, ile ya kuanzisha mbio, kupeperushwa, ubao unakuwa wa yeyote aliye karibu. Blanketi ndilo hati yake. Ubao ulio uchi hauna mwenyewe.

Na katika mbao zote za Wilkie Fork, ni safu moja tu iliyo na ubao wa pili nyuma yake, wa kuegemea mgongo. Nayo ni safu ya juu kabisa, chini ya paa, kivulini. Huo ndio mji wenye kuta ambao shujaa wetu alikwenda kuuteka.

Hakwenda kwa ushujaa. Alitumwa na hofu. Mwaka uliotangulia, asubuhi kama hiyo, Verlin alisimama langoni kubishana na mtu kama Winebrenner angemshinda dereva wa zamani, marehemu Buck Delaney, na alipomaliza kubisha, safu zote nzuri zilikwisha chukuliwa. Yeye na mkewe wakakaa chini kabisa, karibu na uzio, mahali ambapo magurudumu hurusha mabonge ya udongo. Nadine Toomey, mwenye nyonga mbovu, alikaa pale bila pa kuegemea jioni nzima, na bonge moja likaingia katika bakuli lake la saladi ya viazi. Hakusema neno. Alikaa mwaka mzima bila kusema neno, kisha Ijumaa ya mkesha wa mbio akalisema jikoni.

"Verlin, nisikilize vizuri. Kesho nakaa juu, pale pa kuegemea. Nikifika nikakuta umeniwekea tena kule chini, sishuki hata kukusalimu. Nageuza gari naenda kwa Leland."

"Kwa Leland?" Leland alikuwa kaka yake Nadine, mtu wa Fort Wayne, shabiki wa magari yaliyofunikwa magurudumu. Verlin alilitaja jina hilo kama mtu anayetema mbegu.

"Kwa Leland. Ana makochi."

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka nichoke kuegemea."

Verlin akacheka kidogo, kama mume anavyocheka akitumaini kwamba mambo bado ni ya mzaha. Ndipo akaliona begi la Nadine karibu na mlango, limefungwa zipu. Hakucheka tena. Tuseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulisema: alimpenda mke wake, alikuwa ameishi naye tangu wote wawili walipokuwa na viuno, na hakujua kupika hata yai. Aliogopa mpaka akakosa hamu ya kula, na hilo halikuwahi kutokea.

Basi Jumamosi, kukiwa bado giza, Verlin mwana wa Harold akaingia gerejini kwa kunyata ili asimwamshe mkewe, akapapasa rafu, akashika blanketi lililokunjwa, akalitupa ndani ya pikapu, akaondoka.

Alipofika langoni akamkuta adui yake. Gaylord Pruitt, Mla Safu, Baba wa Mablanketi, alikuwa wakala wa bima zamani, na mpaka leo hutabasamu kama anayejua nyumba yako itaungua lini. Kila mwaka Pruitt hutandika mablanketi ya ukoo mzima kwenye safu ya juu, na kila mwaka jioni huja na mkewe na jokofu dogo la mkononi la bia tu, wakanyoosha miguu. Wengine hunung'unika. Hakuna anayethubutu kugusa.

"Toomey!" Pruitt akasema. "Kumbe uko hai. Mwaka jana ulivyokaa kule chini tulidhani wanakuzika."

"Pruitt," akajibu Verlin, akitanguliza kifua kwa kadiri tumbo lilivyoruhusu, "leo mimi nitakaa juu. Na wewe utakaa chini yangu, na nitautazama upara wako mpaka bendera ya mwisho."

"Umri huo? Zile ngazi zitakuua, mzee mwenzangu."

"Zikiniua nizikwe palepale, na miguu yangu ielekezwe kona ya nne! Na mtakaobaki muwaambie watu kwamba Toomey hakufa kitandani, hakufa kwenye kochi la mtu wa Fort Wayne, alifa... alikufa akipanda!"

"Kwani umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Kahawa."

"Basi ipunguze."

Hapo mama mlinzi wa lango akapuliza filimbi, na vita vikaanza. Lo! Nani atakayehesabu magoti yaliyolia siku ile? Wazee wa Bascom waliingia kama maji yaliyovunja kingo, mablanketi yakipepea mabegani mwao, viatu vya raba vikigonga ngazi, mmoja akimwita Mungu na mwingine akiita dawa yake ya pumu. Wanaume ambao kwa mwaka mzima hawakuweza kwenda kuangalia sanduku la barua bila gari walipanda ngazi zile mbili mbili. Verlin alikuwa wa kwanza kwa hatua nane. Kisha alikuwa wa tatu. Kisha akashika reli, akavuta pumzi ambayo ilisikika mpaka kwenye kibanda cha soda, akajikokota tena, naye Pruitt alikuwa mbele yake, ameshafika juu, ameshatupa blanketi la kwanza, la pili, la tatu.

Lakini ushindi wa vita hivi hauko kwenye miguu, uko kwenye utepe. Visu na mikasi haviruhusiwi langoni, kwa hiyo mtu hukata utepe wa gundi kwa meno yake. Na Pruitt, ambaye mwaka jana alikuwa na meno yaliyozaliwa naye, mwaka huu alikuwa na meno ya daktari. Akauma utepe, akavuta. Utepe ukabaki, meno yakaja. Naye akasimama pale, bingwa wa bima, ameshika tabasamu lake mkononi.

Verlin hakungoja kuambiwa. Akajitupa juu ya kipande cha ubao kilichobaki kati ya blanketi la tatu na ngazi, akabandika ncha moja ya blanketi lake, akauma utepe, akabandika ncha ya pili, akauma, akavuta kitambaa kikakunjuka chote, akabandika ya tatu na ya nne, akanyanyua mikono yake miwili juu.

"Nadine!" akaita, ingawa Nadine alikuwa nyumbani amelala. "Nadine, utaegemea!"

Kisha akatazama chini kuiona kazi yake. Kwenye blanketi kulikuwa na uso.

Ulikuwa uso mkubwa wa kijana anayecheka, meno meupe yamejaa, na chini yake gari pana, jekundu, lililofunikwa magurudumu yote manne. TREY CALLOWAY, liliandikwa, kwa herufi ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa upande wa pili wa uwanja. Lilikuwa blanketi la Leland. Leland alilisahau gerejini wakati wa Krismasi, au alilitega.

Sikilizeni sasa mahali mtu anapoweza kufikishwa na blanketi. Verlin akiliondoa, ubao unakuwa uchi, na Pruitt yupo hapo hatua mbili akirudisha meno yake kinywani. Akiliacha akaenda zake kuchukua jingine, watu wote watapita waone kwamba Toomey, mwana wa Harold Toomey, amemtandika Trey Calloway kwenye safu ya juu ya Wilkie Fork, na jina lake litatajwa kwa namna hiyo mpaka kwenye mazishi yake na baada ya chakula cha mazishi. Alifikiri kwa haraka, jambo ambalo hakulizoea. Kisha akafanya jambo pekee lililobaki. Akalala juu yake.

Alilala chali, kifudifudi hakuweza kwa sababu ya tumbo. Alijinyoosha kutoka kwenye meno ya Calloway mpaka kwenye gurudumu lake la nyuma, akatandaza mikono, akavuta kofia machoni.

"Unafanya nini?" akauliza Pruitt.

"Napumzika."

"Mbio ni jioni, Toomey. Blanketi linatosha. Nenda nyumbani."

"Nimependa hapa."

Akakaa hapo siku nzima. Wenziwe wakarudi majumbani, wakala, wakalala kwenye vitanda vyao. Verlin akabaki anatazama misumari ya paa. Jua likapanda, bati likaanza kulia, joto la Julai likashuka juu yake kama mtu mnene anayetafuta pa kukaa. Mchana mama wa kibanda akapita akimhurumia, akamletea sandwichi ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile inayouzidi mkate wake kila upande, naye akaila akiwa amelala, na unga wa kukaangia ukamwingia kwenye sikio. Haja ndogo ikamjia akaikataa. Ikarudi na wenzake. Majemadari wengi wamesifiwa kwa kuvumilia kuzingirwa, lakini wengi wao walikuwa na ndoo.

Na watu waliopita wakamwona walifikiri nini? Hapa ndipo mtu anapokosa heshima kabisa kwa watu wa Bascom: walimsifu. Walisema Toomey anafunga. Walisema anamwombea Winebrenner. Bwana mmoja alivua kofia.

Jioni jukwaa likajaa. Verlin sasa alikuwa ameketi, miguu ameitanua, mashati yake mawili ameyatandaza kila upande kuficha meno yaliyobaki, amebaki na fulana. Macho yake yalikuwa kwenye ngazi tu. Nadine hakuwepo. Injini zikanguruma nyuma ya uzio, ule mlio unaoanzia kwenye mbao na kupanda mpaka kwenye meno, na Nadine hakuwepo. Pruitt akaja na mkewe na jokofu lake, akaketi kando, akamtazama Verlin, akayatazama mashati, akanusa jambo.

"Mbona umevua?"

"Joto."

"Na mkeo?"

"Anakuja." Hata yeye alisikia jinsi neno hilo lilivyotoka.

Ndipo magari yakaingia. Kuna desturi Wilkie Fork ambayo haijavunjwa. Kabla ya bendera ya kijani magari hujipanga manne manne, bega kwa bega, yakajaza upana wote wa njia, yakapita polepole mbele ya jukwaa kuwasalimu watu. Na watu husimama, kofia mkononi, wote, mpaka wajane wenye fimbo, kwa kuwa hao vijana ndani ya mikanda wanakwenda kuziweka shingo zao rehani ili mtu wa mabomba ya maji apate cha kuzungumza Jumatatu. Dharau ya kuwagawia watu wa Bascom imo humu tele, kama mlivyoona. Hapo, kwenye kusimama huko, haimo. Wanasimama vizuri.

Jukwaa lote likasimama. Verlin akabaki chini.

"Simama!" mtu akasema nyuma ya nguzo.

"We mzee, simama! Kofia!"

"Toomey, una nini? Ni Winebrenner huyo, safu ya kwanza! Unamkalia Winebrenner?"

Akisimama, Calloway ataonekana, na Pruitt atapata alichokingoja; watu watamlazimisha aliondoe blanketi, ubao utakwenda, na Nadine akifika, kama atafika, ataukuta umekwenda. Akikaa, amemtemea mate kijana wa watu anayekwenda kuhatarisha maisha yake. Mwenye hekima angepima. Verlin hakuwa na mizani. Gari la manjano la Winebrenner lilipofika mbele ya jukwaa, na mkono wenye glavu ukanyanyuka kutoka ndani yake, miguu ya Verlin ikasimama yenyewe, kama ilivyosimama tangu utoto, na kofia ikaja mkononi. Mashati mawili yakaanguka.

Kisha safu ya juu ikaanza kuzomea, safu ya chini ikageuka kuona kinachozomewa, ikaona, ikajiunga. Wakazomea jukwaa zima, na katikati yao Verlin amesimama wima na fulana yake, kofia kifuani, macho kwa Winebrenner, masikio yamewaka.

Pruitt akapanda juu ya jokofu lake ili ahutubie.

"Enyi watu wa Bascom!" akasema, meno yakigonga. "Mnalijua neno langu, mimi siligusi blanketi la mtu, baba yangu hakuligusa, na babu yangu alimpiga mtu kwa kuligusa! Lakini nawauliza: hilo ni blanketi? Sheria yetu inalinda blanketi, hailindi uchafu! Ubao huo hauna kitu juu yake. Ubao huo uko uchi!" Na akanyoosha mguu wake, polepole, kuuweka kwenye ubao.

"Gaylord," ikasema sauti kwenye ngazi, "ondoa mguu wako."

Alikuwa Nadine, ameshika reli kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine, anahema, nywele zimemganda usoni. Alipanda ngazi mbili za mwisho kwa kuivuta nyonga yake.

"Nadine, mumeo ametuletea Trey Calloway hapa..."

"Namwona. Ni blanketi la kaka yangu. Hata mimi simpendi, ana meno mengi mno. Mguu."

"Lakini sheria..."

"Sheria inasema blanketi. Haisemi blanketi la nani. Gaylord, nimepanda ngazi zote hizi na nyonga hii. Unataka nishuke tena kwa ajili ya mguu wako?"

Mguu ukaondoka. Nadine akageuka, akajishusha taratibu, akaketi juu ya meno ya Trey Calloway yote, akasogea nyuma, na mgongo wake ukagusa ubao wa kuegemea. Akatoa pumzi ndefu. Bendera ya kijani ikapepea. Wazomeaji, ambao kumbukumbu yao haizidi ile ya kuku, wakageukia mbio na kumsahau Verlin palepale.

Verlin akaketi.

"Nilidhani umekwenda," akasema.

"Nilikuwa nakwenda. Nilikutafuta kule chini sikukuona, nikasema basi, huyu hata chini amekosa. Nikarudi kwenye gari, nimeshafungua mlango. Nikasikia watu wanazomea, uwanja mzima." Akafungua bakuli lake. "Nikajua ni wewe."

Verlin akataka kusema neno kubwa, linaloifaa siku hiyo. Badala yake akamshika mkono, naye Nadine akamwachia mkono mmoja na kula kwa mwingine. Na kama mtu ataona haya kusema kwamba mzee huyo alilia kidogo ndani ya kofia isiyojua sabuni, sawa, asiseme, lakini alilia.

Akaikimbilia haja yake, akarudi, akaketi ili hatimaye atazame mbio alizozisubiri mwaka mzima. Ndipo akaiona nguzo. Ilikuwa nguzo ya kubeba paa, nene, iliyopakwa rangi nyeupe, imesimama mbele ya pua yake kabisa. Kutwa nzima alikuwa ametazama dari, na jioni alikuwa ametazama ngazi, wala hakuwahi kutazama mbele. Upande wa Nadine ulikuwa wazi mpaka kona ya nne. Upande wake yeye magari yaliingia nyuma ya nguzo na kutoka, na alipohamisha kichwa yaliingia mapema zaidi. Pruitt aliijua nguzo hiyo tangu asubuhi. Sasa alicheka kwa meno yote, na yakakaa.

Verlin akainama kulia, akainama kushoto. Akakata tamaa, akaegemea.

"Nadine. Nani anaongoza?"

Nadine, aliyetazama mbio hizo maisha yake yote ya ndoa bila kuzitazama, akanyanyua kijiko, akachunguza uwanja kwa muda.

"Yule mwekundu."

"Wekundu wako watatu. Yupi?"

"Yule anayekata kushoto."

Basi na ienee habari hii kwa wenye masikio, na wasiokuwa nayo wapigiwe kelele. Nani alishinda mbio za siku ile, na Winebrenner alipitia wapi, hayo yana waandishi wake, na wanalipwa. Hapa imeandikwa hivi tu: kwamba Verlin Toomey wa Bascom, baada ya vita na kuzingirwa na fedheha mbele ya umma, aliketi kando ya mke wake juu ya ubao alioupigania, akaona nusu ya mbio, na nusu ya pili akasimuliwa, vibaya kabisa, na mtu aliyeegemea.